Njia Haihesabiwi: Bei ya Saa Katika Ituri Tangu 1903

Mwaka 1903 ulileta mambo mawili katika nchi ambayo leo tunaiita Ituri. La kwanza lilitoka ardhini. Watafuta madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika mto Agola, karibu na Kilo. La pili lilikuja kwa karatasi. Tarehe 18 Novemba ilitolewa amri ya kodi ya Dola Huru la Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Pili, ikisema kwamba kila mwenyeji aliyefikia umri wa kazi atalipa kodi kwa kazi ya mikono yake. Kazi hiyo isizidi saa 40 kwa mwezi. Tena italipwa, na malipo yasipungue ujira wa kawaida wa mahali pale.

Ukiisoma amri hiyo umekaa kivulini, huoni ukatili wake. Saa 40 ni kama siku tano za kazi. Mtu anabakiwa na siku 25 za kulima, kuwinda, kujenga na kukaa na watu wake. Ilikuwa hesabu rahisi kuieleza mbele ya bunge au gazeti la Ulaya, wakati ambapo Uingereza na wamisionari walikuwa wameanza kupiga kelele juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa.

Kasoro ilikuwa mahali pawili. Kwanza, amri ilihesabu kazi yenyewe peke yake. Mwendo wa kwenda msituni na kurudi haukuwa kazi machoni pa sheria, wala kulala njiani, wala kungoja siku nzima kwenye kituo mpaka karani apime kapu lako. Pili, katika vijiji hakukuwa na saa ya ukutani wala mtu wa kuitazama. Kwa hiyo maofisa waligeuza saa kuwa vitu: kilo kadhaa za mpira, vipande kadhaa vya kwanga, samaki wakavu, mbuzi, mzigo wa kubeba. Kiasi walikipanga kwa mahitaji ya kituo, kisha wakaandika daftarini kwamba kiasi hicho ndicho saa 40. Mkulima hakuulizwa inachukua muda gani. Aliambiwa.

Julai 1904 Leopold, akibanwa na malalamiko, aliteua tume ya uchunguzi ya watu watatu: Edmond Janssens wa Ubelgiji, Giacomo Nisco wa Italia na Edmond de Schumacher wa Uswisi. Walipanda mto Kongo hadi Stanleyville, mji tunaouita Kisangani, wakasikiliza mamia ya mashahidi. Taarifa yao ilitoka Novemba 1905. Mambo mengi ndani yake yamesimuliwa mara nyingi, hasa mauaji na viboko. Mimi hunivuta zaidi kurasa zinazozungumza juu ya muda, maana hapo wazee watatu wa sheria walifanya kitu ambacho mtunga amri hakukifanya: waliifuata njia. Walimfuata kwa maneno mtu wa mpira tangu anapoondoka kijijini kila baada ya majuma mawili, mwendo wa siku moja, mbili au zaidi mpaka kwenye mitambaa ya mpira. Walieleza jinsi anavyojijengea kibanda huko, analala bila mkewe, chakula chake ni kile alichobeba, kisha anarudi kupeleka mpira kituoni, na safari inayofuata iko karibu kuanza. Wakaandika wazi kwamba hali hiyo inavunja sheria ya saa 40.

Wakaeleza pia habari ya kwanga. Mkate huo wa muhogo hutengenezwa na wanawake. Kuchimba mihogo, kuiloweka, kuiponda, kuifunga majani, kuipika, kisha kuibeba mpaka kituoni ambako askari na wafanyakazi wanaingoja. Kituo kinataka kwanga mara kwa mara kwa sababu haikai muda mrefu. Mwanamke aliyekaa mbali alimaliza kupeleka mzigo mmoja na wakati wa kutengeneza mwingine ukawa umefika. Katika daftari, mlipa kodi alikuwa mwanamume. Saa zilikuwa za mkewe.

Nakaa kwenye habari hii kwa sababu swali linalowashughulisha wachumi wa leo limo ndani yake, ingawa hakuna aliyelitamka hivyo. Je, saa moja ya mtu ina thamani gani? Unaweza kuikadiria mezani. Unaweza kumuuliza mwenyewe: ungekubali kiasi gani, ungelipa kiasi gani? Au unaweza kutazama anafanya nini pale ambapo kuchagua kunamgharimu kweli. Dola la Leopold lilichukua njia ya kwanza, tena kwa kiburi: lilipanga bei bila kuuliza na bila kutazama.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, mambo yalibadilishwa sura. Kwa amri ya 1910 kodi ya kazi ilianza kugeuzwa kuwa kodi ya fedha, inayotozwa kwa kichwa. Kwa nadharia, hapa ndipo uhuru ulipoingia. Mtu angeweza kupata fedha kwa njia aipendayo: auze mazao, auze samaki wa Ziwa Albert, au aende Kilo kuchimba. Lakini njia nyingi zilifungwa kabla hazijafunguliwa. Machimbo ya Kilo, na yale ya Moto upande wa kaskazini, yalitaka watu kwa maelfu, na yalitaka chakula chao pia. Vijiji vilivyoyazunguka viliwekewa mzigo wa kulisha kambi. Mihogo, ndizi na maharage vilikwenda kwa vichwa vya watu, kwa sababu barabara za magari zilichelewa kuja na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Mwanahistoria Bakonzi Agayo, ambaye mwaka 1982 alimaliza katika chuo kikuu cha Wisconsin tasnifu yake juu ya machimbo ya Kilo-Moto tangu 1905 hadi 1960, alionyesha jinsi uajiri huo ulivyosimama juu ya nguvu: machifu walipewa idadi ya vijana wa kutoa, na vijana wakatolewa.

Februari 1917, katikati ya vita, serikali ya koloni iliweka kilimo cha lazima. Siku 60 kwa mwaka. Tena takwimu safi, tena haina njia ndani yake. Amri ya 1922 juu ya mikataba ya kazi iliweka adhabu ya jela kwa mfanyakazi anayeacha kazi kabla ya muda wake. Tume ya 1924 hadi 1925 ilipiga hesabu ya asilimia ya wanaume wazima ambao wangeweza kuondolewa katika kila eneo bila kijiji kufa. Mwaka 1926 machimbo yakawekwa chini ya kampuni, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto.

Ndani ya hali hiyo ndipo ilipozaliwa nadharia moja iliyoishi miaka mingi katika ofisi za wakoloni, toka Kongo hadi Kenya na Afrika Kusini. Ilisema hivi: Mwafrika ana shabaha. Anataka fedha za kodi, za nguo, labda za mahari. Akizipata, anaondoka. Kwa hiyo ukimwongezea mshahara atafikia shabaha upesi na atafanya kazi siku chache zaidi. Hitimisho lilikuwa tamu kwa mwenye shamba na mwenye mgodi: mshahara mdogo ndio unaoleta kazi nyingi. Mbele ya tume ya kazi ya Kenya ya 1912 hadi 1913, walowezi walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema maneno ya namna hiyo, wengine wakitaka kodi ipandishwe ili watu watoke vijijini.

Wenye nadharia hii walidhani wanasoma matendo ya watu. Waliona kijana anaondoka Kilo baada ya miezi kadhaa, wakasema: tazama, saa yake haina thamani kwake, anapenda kukaa bure. Hawakutazama kalenda ya mvua. Katika vilima vya Djugu na Irumu, wiki za kupanda hazingoji. Anayekosa kupanda maharage mvua zinapoanza anakosa mavuno, na posho ya mgodi haimfikii mama yake kijijini. Saa yake ilikuwa na bei kubwa kuliko mshahara katika wiki hizo, na bei ndogo zaidi katika wiki nyingine. Aliondoka kwa sababu alikuwa ameipima. Mwaka 1960 William O. Jones na mwaka uliofuata Elliot Berg waliandika, kila mmoja kwa njia yake, kuibomoa picha ile. Berg alieleza kwamba kadiri vijiji vilivyozoea biashara na barabara zilivyofika, ujira uliopanda ulivuta watu wengi zaidi kazini. Kufikia hapo Kongo ilikuwa imeshapata uhuru.

Kuna hati moja ya kipindi cha katikati ambayo ingestahili kujulikana zaidi kwetu Bunia, hapa Ituri. Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilipitisha Mkataba namba 29 juu ya kazi ya shuruti. Haukuipiga marufuku mara moja. Uliiwekea mipaka wakati ikiondolewa. Kazi ya shuruti isizidi siku 60 katika miezi 12. Lakini safari hii waliotunga waliandika kwamba muda wa kwenda mahali pa kazi na kurudi uhesabiwe ndani ya zile siku 60, na kwamba siku za njiani zilipwe kama siku za kazi. Miaka 27 baada ya amri ya saa 40, njia iliingia katika hesabu ya sheria.

Ubelgiji iliuridhia mkataba huo Januari 1944. Miaka miwili nyuma, Machi 1942, serikali yake ya koloni ilikuwa imeongeza siku za kilimo cha lazima toka 60 hadi 120 kwa mwaka, kwa ajili ya vita. Mpira wa mwituni ukarudi. Wazee walioukumbuka ule wa Leopold wakauona tena kwa macho yao.

Baada ya uhuru, elimu ya kupima thamani ya muda ilikua mbali na sisi. Mwaka 1965 Gary Becker, mchumi wa Marekani, aliandika kwamba kila kitu tunachotumia kina bei mbili, ya fedha na ya saa. Mwaka huo huo Michael Beesley wa London alitazama jinsi watumishi wa serikali walivyochagua usafiri wao wa kwenda kazini, wengine wakilipa zaidi ili wafike mapema. Kutoka hapo serikali nyingi zilipata kipimo cha kuamua barabara ipi ijengwe: dakika zinazookolewa, mara bei ya dakika. Palipokosekana uchaguzi wa kutazama, watafiti waliuliza kwa karatasi. Ingekuwepo barabara ya kulipia inayokuokolea dakika 20, ungetoa kiasi gani?

Majibu ya karatasi na ya kweli hayakulingana. Katika kaunti ya Orange, California, njia za kulipia zilifunguliwa Desemba 1995 katikati ya barabara kuu namba 91, pembeni ya njia za bure zenye msongamano. Hapo watafiti wangeweza kuwatazama madereva wale wale wa barabara ile ile kwa macho mawili. Kenneth Small, Clifford Winston na Jia Yan walichapisha matokeo mwaka 2005. Dereva aliyelipa kweli alionyesha kuwa saa yake ina thamani karibu mara mbili ya ile iliyotoka katika majibu ya kudhania. Maelezo waliyoyapendekeza ni ya kibinadamu sana. Mtu aliyekwama katika foleni huhisi amepoteza muda mrefu kuliko aliopoteza. Kila siku analipa fedha kuokoa dakika 10 akiamini ni 20. Ukimuuliza kwa karatasi bei ya dakika 20, anakutajia ile anayolipa kwa dakika 10.

Huku kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda tofauti.

Kazi ya kwanza ninayoiheshimu ilifanyika Ukunda, kusini mwa Mombasa, karibu na fukwe za Diani. Dale Whittington, Xinming Mu na Robert Roche waliichapisha mwaka 1990. Ukunda ya wakati ule iliwafaa kwa sababu mtu alikuwa na njia tatu za kupata maji: kutembea mpaka kisimani bure, kwenda kwenye kioski na kulipa kidogo, au kungoja muuzaji mwenye mkokoteni alete madebe mlangoni kwa bei ya juu. Hakuna aliyelazimishwa. Kila dumu lililoingia nyumbani lilikuwa limepitia uamuzi. Watafiti waliweka pamoja bei, umbali na uchaguzi, wakakuta kwamba nyumba zilizonunua maji zilithamini saa zao karibu sawa na ujira wa kibarua. Wapangaji wa miradi ya maji walikuwa wakitumia nusu ya ujira, na mara nyingi chini ya hapo, kwa dhana kwamba muda wa mama wa kijijini ni wa ziada.

Ya pili ni ya Busia na jirani zake, magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Michael Kremer, ambaye baadaye alipata Nobel ya uchumi ya 2019, pamoja na Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane, walifuatilia karibu chemchemi 200. Baadhi, kwa kura, zilijengewa saruji na bomba ili maji yatoke safi. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Nyumba nyingi zilikuwa na vyanzo zaidi ya kimoja, kwa hiyo watafiti waliuliza miguu: je, watu watatembea dakika zaidi kufuata maji yaliyo salama? Wakauliza na midomo pia: mngetoa kiasi gani ili chemchemi hii ibaki imelindwa? Makala yao ya 2011 inasema wazi kwamba thamani iliyoonyeshwa na mwendo ilikuwa ndogo sana kuliko ile iliyotamkwa, na ndogo kuliko ile wanayoidhania wapangaji wa afya.

Ninayaamini matokeo hayo, na bado sipendi namna yanavyosimuliwa na wengine, kana kwamba wazazi wa Busia walisema uongo. Sisi wa Bunia tumeishi miaka zaidi ya 20 na watu wenye fulana za mashirika, zamani wakiwa na fomu, leo wakiwa na simu kubwa za kubonyeza. Mgeni anapoketi kwenye kiti ulichomtolea na kukuuliza kama ungelipia maji safi, adabu inajibu kabla ya mfuko. Tena unajua kwamba jibu lako linaweza kukuingiza au kukutoa katika orodha. Neno halina gharama siku hiyo. Huenda lina faida. Mwendo wa kila asubuhi una gharama, na unamkuta mtu akiwa na mtoto mgongoni na kuni za kutafuta.

Kuna utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, wa mwaka 2022, wa Daniel Agness, Travis Baseler, Sylvain Chassang, Pascaline Dupas na Erik Snowberg, unaoleta jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa soko letu angelithibitisha. Wakulima walikuwa tayari kufanya kazi saa kadhaa ili kupata kitu, lakini hawakuwa tayari kukilipia kwa fedha zinazolingana na ujira wa saa hizo. Fedha ikitoka mkononi inauma kuliko jasho. Ukipima saa kwa kuinunua unapata bei moja. Ukiipima kwa kuiuza unapata nyingine. Hata uchaguzi wa kweli, basi, hautoi bei moja. Makadirio yao, baada ya hesabu ndefu, yalikuwa karibu asilimia 60 ya ujira wa sokoni.

Nirudi Ituri, kwa sababu hapa historia haikuacha nafasi kubwa ya uchaguzi wa aina ya Ukunda.

Kampuni ya Kilo-Moto ilitaifishwa mwaka 1966 na kuitwa Office des Mines d'Or de Kilo-Moto. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu ilifungua biashara ya dhahabu kwa raia, na vijana wakamiminika Mongbwalu na vijito vyake. Mchimbaji wa huko hauzi saa. Mwenye shimo, ambaye kila mtu anamwita PDG, anatoa chakula, pampu na vifaa, na mchanga ukioshwa wanagawana baada ya madeni kukatwa. Kijana anaweza kuchimba wiki nyingi bila kuona chembe, kisha siku moja akapima dhahabu yake kwenye mizani ndogo ya mkono yenye vijiti vya kiberiti upande wa pili. Saa yake ina bei gani? Jumatatu ni sifuri. Ijumaa inaweza kuwa bei ya ng'ombe.

Vita vya 1999 hadi 2003 viliua watu zaidi ya 50,000 kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu, na kuwafukuza nusu milioni makwao. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuwanyang'anya silaha wapiganaji wa Ituri na kuwarudisha katika maisha ya raia. Waliojiandikisha waliulizwa wanataka kazi gani: useremala, ushonaji, kilimo, ufugaji. Kila mmoja alitia alama mahali. Wengi wakaishia machimboni. Maofisa walisikitika wakasema vijana hawa hawajui kupanga maisha. Ni sauti ile ile ya walowezi mbele ya tume ya Kenya ya 1912. Fundi seremala wa Bunia analipwa mteja akiwa na fedha, na mteja baada ya vita hana. Fomu iliuliza kana kwamba soko la viti limesimama tayari. Kijana alijibu kuhusu mji uliokuwa unaelezwa kwenye fomu, halafu akaenda kuishi katika mji uliopo.

Barabara nazo zina hadithi yao. Kati ya Bunia na Beni kuna njia inayopita Komanda na Eringeti. Kwa miaka mingi sasa, kwa sababu ya mauaji ya waasi wa ADF, watu wamepita humo kwa misafara yenye wanajeshi, au hawakupita kabisa. Mama anayeuza vitenge huvuka ziwa kuingia Uganda, au anatokea Mahagi, anazunguka nchi ya watu na kurudi Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Anatumia siku pale ambapo wengine wangetumia saa. Mtaalamu akiitazama safari hiyo kwa kipimo cha California atasema mwanamke huyu anazitoa siku zake kwa bei ya chini sana. Atakuwa amesoma miguu yake na kukosa kusoma barabara. Alichonunua ni uhai wake, na amelipa kwa sarafu aliyokuwa nayo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema mdomo hudanganya na miguu husema kweli. Wakoloni wa Kilo walitazama miguu kwa miaka 40 wakasoma uvivu. Mwendo wa mtu unaeleza jambo pale tu ambapo unajua njia nyingine alizokuwa nazo, na ni nani angemzuia. Ukunda inaaminika kwa sababu kisima, kioski na mkokoteni vilikuwepo vyote asubuhi moja, na hakuna askari aliyesimama kwenye kimojawapo.

Bunia yenyewe inatoa mahali pa kutazama, ukiwa na subira. Bomba la Regideso, shirika la maji la serikali, haliyafikii makaazi yote, na mji umefura kwa wakimbizi wa Djugu na Irumu. Kwenye vyanzo vya maji vya mitaa ya Mudzipela au Nyakasanza bidoni za njano zinapangwa foleni kabla ya mapambazuko, kila moja na alama yake: kitambaa chekundu kwenye mshikio, jina lililokwaruzwa kwa msumari, kizibo cha gunzi la mahindi. Bidoni inashika zamu na mwenyewe anakwenda kuosha vyombo. Huo peke yake ni ushahidi kwamba saa ya kungoja ina bei: mtu asiyethamini muda wake hasumbuki kuiacha bidoni isimame badala yake. Kando yao wanapita vijana wa baiskeli na pikipiki wanaouza maji nyumba kwa nyumba.

Fomu zinazofika katika makaazi haya humtafuta kiongozi wa nyumba. Mara nyingi ni baba, na baba anajibu kwa heshima zote kwamba familia inatumia dakika fulani kuteka maji. Hajawahi kusimama katika foleni hiyo. Anayesimama ni binti wa miaka 11 au 12, kama vile daftari la kodi la 1905 lilivyoandika jina la mume na kwanga ikatengenezwa na mke. Ukitaka kujua saa ya binti huyo inathaminiwaje, mfuate mama yake wakati mtihani wa serikali wa kumaliza shule ya msingi unapokaribia. Mama ambaye mwaka mzima hanunui maji anamwita kijana wa baiskeli na kulipia bidoni mbili, tatu, kwa fedha za chumvi na sabuni, ili mtoto abaki na daftari lake. Mtihani ukipita anamtuma tena. Anayetaka kupanga kisima kipya, na mahali pa kukiweka, aanze kwa kuhesabu mama wangapi wa mtaa ule hununua maji wiki hizo, na kwa bei gani, kisha amwulize binti mwenyewe anaondoka nyumbani saa ngapi na anarudi saa ngapi.